Kutafuta Chanzo cha Gia Boksi ya Otomatiki Kupata Moto Kupita Kiasi Kwenye Pikapu

Taa ya joto la gia boksi ikiwaka wakati pikapu yenye mzigo inapanda mlima kama Kitonga, simama mahali salama, weka P na uache injini ikinguruma, ili oili ya gia boksi iendelee kuzunguka kwenye kipoozeo. Oili hiyo hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Ikizidi 120 huanza kuharibika.

Anza na oili, kwani ndiyo inayosema mengi. Kama gari lina dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili ya gia boksi (mengi ya siku hizi hayana), pima penye usawa, injini ikinguruma na oili ikiwa ya moto, kisha idondoshe kwenye karatasi nyeupe: kahawia yenye harufu ya kuungua huashiria klachi za ndani ya gia boksi zinazoteleza, ilhali waridi yenye ukungu kama maziwa ina maana kwamba maji ya rejeta yamepenya, na gari hilo livutwe, lisiendeshwe.

Oili ikiwa safi na ya kutosha, kagua kipoozeo kilicho mbele ya rejeta, ambacho huzibwa na tope na wadudu. Mwisho, unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari: mizunguko ya injini ikibaki juu katika mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare, yaelekea toki konveta (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili) haijifungi ili izunguke pamoja na injini.