Kabla ya kumwaga kuvu chini ya mwembe

Chukua kijiko, nenda chini ya mwembe unaoangusha maembe, ukwangue udongo kina cha sentimita 5 hivi. Ukikuta vitu vya kahawia mfano wa punje za mchele, hao ni pupa wa nzi wa matunda (buu anayegeuka kuwa nzi, si ile pupa ya kula). Buu hutoka kwenye embe lililooza, hujirusha, hujifukia, na baada ya siku 10 au zaidi kidogo huibuka nzi. Hapo udongoni ndipo kuvu iitwayo Metarhizium, unayoimwaga kama dawa, inapomngojea: mbegu zake hunata mwilini, huchipua na kupenya ngozi, mdudu akafa.

Nzi anayetusumbua zaidi, Bactrocera dorsalis, ana asili ya Asia. Kenya alionekana mara ya kwanza mwaka 2003. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimefanya kazi kubwa juu ya kuvu hii, na aina yao ya ICIPE 69 imeshafika madukani.

Ila unanunua kiumbe hai. Muulize muuzaji chupa ilikuwa wapi. Iliyokaa dirishani juani, mwachie mwenyewe. Tazama tarehe ya mwisho, na hakikisha imesajiliwa nchini mwako kwa kazi hiyo.

Bomba la mgongoni ndilo linalowaponza wengi. Wakati wa maua ulipulizia dawa ya ukungu kuzuia magonjwa ya ubwiriunga na chule. Mabaki yake yakibaki kwenye tangi, yanaua kuvu uliyoinunua kwa hela yako. Kuvu na ukungu ni ndugu, dawa haiwabagui. Osha kwa sabuni, suuza mara kadhaa, pua ya bomba usiisahau. Ukiweza, tenga bomba la kazi hii tu. Ndani ya tangi moja usichanganye kuvu na dawa ya ukungu, hata mtu akikuambia inaokoa muda.

Kisha andaa uwanja. Okota maembe yote yaliyoanguka, uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani, au uyafukie zaidi ya nusu mita. Fagia majani makavu ili maji yenye kuvu yafike kwenye udongo, si juu ya zulia la majani. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope wala vumbi. Subiri jioni, maana jua kali huua mbegu za kuvu haraka. Anza matunda yakiwa bado mabichi, na uvae barakoa.

Usitegemee nzi waanguke kesho yake. Huchukua siku kadhaa. Wala usiondoe mitego ya nzi: nzi wazima wanaoruka hawaguswi na kuvu iliyo ardhini.

Halafu kuna jirani. Kama maembe yake yanaozea chini msimu mzima, nenda ukazungumze naye kabla hujafungua chupa.