Somo: Kijana wa miaka 16 na pikipiki Uingereza, kuanzia leseni ya lena

Wazazi wenzangu, nimepitia haya na mwanangu mwaka jana. Naandika kwa mpangilio tulioufuata. Ni sheria za England, Scotland na Wales.

Hatua ya 1. Omba leseni ya lena (ya anayejifunza) DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Anaruhusiwa kuomba akiwa na miaka 15 na miezi 9, kwa mtandao ni paundi 34. Kadi ikifika iwekeni kabatini mpaka atimize 16.

Hatua ya 2. Chagueni chombo. Kwa miaka 16 ni injini isiyozidi 50cc na mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. 125cc ni miaka 17. Muuzaji akikwambia 125 yake amepunguza spidi, usimsikilize.

Hatua ya 3. CBT, yaani mafunzo ya msingi ya lazima kwa waendesha pikipiki. Ni ya sehemu tano, kwa kawaida siku nzima, na barabarani zisipungue saa mbili. Kwanza anasoma namba ya gari kwa umbali wa mita 20. Nilimtazama mwanangu nikiwa nje ya uzio. Mara nne mwalimu alimrudisha kwenye koni kwa kosa moja: anaondoka bila kugeuza shingo. Kioo hakioni kila kitu. Mara ya tano aligeuka hadi kidevu kikagusa bega, ndipo akaruhusiwa kuendelea. Huku hakuna kufeli. Mwalimu asiporidhika, mnarudi siku nyingine.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi tunapokosea: cheti cha CBT si leseni. Ni ruhusa ya kuendelea kujifunza kwa miaka 2. Vibao vya L mbele na nyuma, bila abiria, bila kuingia motowei (barabara kuu za mwendo kasi). Akitaka leseni kamili, afanye mtihani wa nadharia (maswali 50, apate 43, pamoja na video za kutambua hatari za barabarani), kisha mitihani miwili ya vitendo, Mod 1 (uwanjani) na Mod 2 (barabarani). Msisubiri cheti kiishe ndipo mkimbizane na tarehe.

Hatua ya 5. Bima, kabla gurudumu halijagusa barabara. Akikamatwa hana, ni faini ya paundi 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni.

MASWALI

Shikamoo kaka. Binti yangu anavaa hijabu. Helmeti atavaaje?
Marahaba, dada. Helmeti ni lazima. Msamaha wa sheria ni kwa Masingasinga wanaovaa kilemba tu. Avae hijabu nyepesi isiyo na pini, na mwende dukani akiwa ameivaa ili helmeti ikae sawasawa. Ikichezacheza kichwani, chukueni saizi ndogo zaidi.

Anaweza kumpakia mdogo wake hadi shuleni? Ni dakika tano tu.
Hapana, mama. Kwa cheti cha CBT hapakii mtu, hata mtaa wa pili.

Mwanangu kapata CBT, anataka kusambaza vyakula jioni.
Ndugu yangu, bima ya kawaida haihusu kazi hiyo. Lazima bima inayotaja usambazaji wa mizigo kwa malipo, na kwa umri huo bei yake ni kali. Piga hesabu hiyo pamoja naye kabla hajanunua chombo.

Mdogo wangu kaja kutoka Tanga na leseni ya Tanzania.
Ataitumia miezi 12 tangu aanze kuishi hapa, kwa vyombo vidogo vilivyoandikwa humo. Haibadilishwi kuwa ya hapa, kwa hiyo aombe ya lena mapema.