Kuvuka Spitsbergen kwa skuta ya theluji mpaka pwani ya mashariki, hatua kwa hatua

Juzi nimemaliza kumsaidia dada mmoja wa Tanga anayeishi Oslo kupanga safari yake ya skuta ya theluji (mashine yenye ski mbele na treki, yaani mkanda mpana wa mpira, nyuma) kutoka mji wa Longyearbyen mpaka Mohnbukta, upande wa mashariki wa kisiwa cha Spitsbergen huku Svalbard, visiwa vya Norway kaskazini kabisa mwa dunia, na maswali yake ni yale yale naulizwa kila msimu na Waswahili walioko Norway na Sweden, basi nayaweka hapa yote. Mimi nafanya kazi huku, naongoza safari, na siku zisizo na safari nashinda gereji na hizi mashine, kwa hiyo mtaniona naongea mashine kuliko mandhari. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 180 mpaka 200 kutegemea umepita wapi. Hakuna barabara, ni mabonde, milima, na barafu kubwa zinazoteremka mpaka baharini.

Hatua ya 1: Makaratasi

Svalbard haikudai viza, hiyo ni kweli. Lakini iko nje ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na ndege za kawaida za abiria zinatokea Oslo au Tromsø, kwa hiyo anayetoka nyumbani na pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi. Ukija na ya kuingia mara moja, ukishapanda ndege ya kuja huku umeshatoka Schengen, na kurudi Oslo hairuhusiwi. Mwenye kibali cha kuishi Norway hana shida, abebe pasi tu.

Leseni yako ya udereva tuma picha kwa wanaokukodisha kabla hujalipa hata senti, wakuthibitishie kwa maandishi kwamba inakubalika. Halafu fungua tovuti ya Sysselmester, yaani ofisi ya gavana, uangalie ramani ya maeneo. Kuna sehemu mgeni anaenda bila kutoa taarifa, na kuna sehemu lazima utoe taarifa na uwe na bima ya kutafutwa na kuokolewa. Angalia pia ni fjord gani, yaani mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, barafu yake ya bahari imefungwa kwa skuta, maana sheria hizi zinabadilika, zilibadilika tena 1 Januari 2025, usimsikilize mtu aliyekuja miaka mitano nyuma.

Nje ya makazi lazima uwe na kitu cha kumtishia na kumfukuza dubu mweupe, bastola ya fataki kwa mfano, na bunduki inashauriwa sana. Kukodi bunduki bila leseni ya silaha unaomba kibali kwa huyo huyo gavana. Kama hujawahi kushika bunduki usianze kujifunzia huku kwenye baridi na glavu mikononi, lipia kiongozi.

Hatua ya 2: Mwezi

Machi katikati mpaka mwisho wa Aprili. Kabla ya hapo giza, jua linarudi mjini Longyearbyen karibu tarehe 8 Machi. Baada ya hapo mito inaanza kufunguka.

Hatua ya 3: Mashine

Hapa nina msimamo na siubadilishi. Chukua skuta ya kazi, injini ya foo-stroki, treki pana, na ikiwezekana yenye rejeta ya nyongeza ya feni mbele. Mimi natumia Lynx, zile zinazotengenezwa Rovaniemi, Finland, lakini hata ya kampuni nyingine ilimradi iwe ya kazi. Vijana wanapenda zile za mlimani zenye treki ndefu na meno marefu kwa sababu ndo wanaziona kwenye video zikirusha theluji laini. Huku theluji imepigwa na upepo mpaka imekuwa ngumu kama sakafu, hayo meno marefu yanapata moto na kunyofoka, na mashine yenyewe inachemka haraka, nitaeleza kwenye hatua ya 6.

Nyuma unavuta sledi, tela la mzigo linaloteleza juu ya theluji. Mzigo mzito chini na katikati, funga kwa mikanda ya kubana na siyo kamba za mpira, na koleo liwe juu kabisa, usilitafute chini ya mahema.

Hatua ya 4: Mavazi na mafuta

Sufu mwilini, hakuna pamba kabisa, hata soksi. Juu ya sufu vaa suti ya skuta, buti kubwa, mitini na siyo glavu za vidole. Ikiwa nje ni nyuzi -20 na unakimbia kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama -34, kwa hiyo pasiwe na ngozi iliyo wazi. Kila mkisimama angalianeni usoni, ukiona doa jeupe shavuni kwa mwenzio mfunike kwa kiganja chenye joto, usisugue.

Mafuta piga hesabu ya lita 2 mpaka 2.5 kwa kila kilomita 10 ukiwa na sledi, halafu ongeza theluthi. Ukitoka Longyearbyen hakuna sheli mbele. Na simu baada ya bonde la Adventdalen unaisahau, beba simu ya setilaiti au kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, betri kaa nayo ndani ya nguo karibu na mwili.

Hatua ya 5: Kutoka mjini

Adventdalen, halafu Eskerdalen, halafu unaangukia Sassendalen ambalo ni bonde pana sana. Njia inaonekana kwa alama za skuta zilizotangulia lakini jipiesi iwe imewashwa na ramani imepakuliwa kabla. Tunaendesha kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja anamwangalia aliye nyuma yake. Asipoonekana unasimama. Hiyo ndo sheria pekee ya msafara.

Hatua ya 6: Joto la injini

Hii ndo sababu hasa ya kuandika. Watu wanakuja wamejiandaa na baridi, halafu wanakwama katikati ya Sassendalen kwa sababu injini imechemka, nje nyuzi -18, na hakuna anayeelewa imekuwaje. Sisi na msafara mmoja hili lilitula masaa, tunatembea kilomita mbili tatu tunasimama, taa inawaka, tunasubiri, tunaondoka, inawaka tena, mpaka jua likazunguka upande wa pili wa bonde.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Skuta nyingi zinazopozwa kwa kulanti (maji maalumu ya rejeta) hazitegemei rejeta ya mbele kama gari. Kulanti inapita kwenye vibamba vya aluminiamu vilivyo chini ya kiti, ndani ya lile handaki ambamo treki inazunguka. Treki inarusha theluji juu, theluji inagonga vibamba, inayeyuka, joto linaondoka. Maana yake ni kwamba kinachoipoza ni theluji laini inayoruka na siyo baridi ya hewa. Ukienda kwenye barafu tupu au theluji iliyogandamana, treki hairushi kitu, na injini inachemka kama lori linalopanda Kitonga halina maji kwenye rejeta. Na siku hizi huku hali hiyo ni ya kawaida, maana mvua inanyesha katikati ya msimu wa baridi, inalowesha theluji, halafu baridi inarudi na bonde zima linakuwa kioo. Reindia, wale kulungu wa nchi za baridi, wanakufa njaa kwa sababu hiyo hiyo, barafu inafunika majani wanayokula.

Kwa hiyo kabla hujatoka mjini hakikisha skuta ina vikwaruzi. Ni vyuma viwili vyenye springi vinavyoning'inia pembeni ya reli ambazo treki inateleza, unavishusha vinakwaruza barafu na vumbi lake linarukia kwenye treki. Kama anayekukodisha anasema havina umuhimu, tafuta mwingine, mimi hapo sijadiliani. Shusha vikwaruzi mara tu unapoona njia inang'aa, usisubiri sindano ya joto ipande. Ila kabla ya kurudi nyuma kwa rivasi vipandishe kwanza, kuna modeli vinastahimili lakini vingi vinapinda au kukatika, na ukivivunja kilomita 60 kutoka mjini umerudi pale pale.

Pili, usifuate alama za walio mbele yako. Mtu mgeni anajisikia salama kwenye njia iliyopigwa, lakini hiyo njia ndo ngumu kuliko zote. Toka pembeni mita moja au mbili, hata ski moja tu na nusu ya treki zikiwa kwenye theluji laini zinatosha kupoza. Kwenye mabonde upepo unaweka vijilima vya theluji laini nyuma ya mawe na kwenye kingo za mito, vitafute kwa macho huku unaendesha na upite juu yake makusudi. (Kingo za mito ziangalie lakini, kuna maji yanayojikusanya chini ya theluji na juu yake huoni kitu, ukiona theluji ina rangi ya kijivu kijivu usisimame, usipunguze, pita na gesi yako au zunguka mbali.)

Tatu, mwendo. Watu wakiona joto linapanda wanapunguza mwendo kabisa, wanatambaa, na kwenye barafu hiyo inazidisha kwa sababu treki inayozunguka polepole hairushi hata kile kidogo. Mwendo wa wastani unaotulia ni bora. Lakini ukiwa unavuta sledi nzito kwenye mteremko wa kupanda, hapo kinyume chake, injini inafanya kazi sana, kwa hiyo gawa mzigo, peleka nusu juu urudi kuchukua nusu. Inachosha, ila ni haraka kuliko kusubiri injini ipoe kila baada ya dakika kumi.

Taa ikiwaka: toka kwenye barafu ukiweza, zunguka mara mbili tatu kwenye theluji laini, sindano inashuka ndani ya dakika chache. Kama hakuna theluji laini karibu, zima, chukua koleo, jaza theluji kwenye mbao za kukanyagia na uisukumie ndani ya handaki kwa pembeni, rundika pia juu ya handaki nyuma ya kiti. Subiri, usiguse kifuniko cha kulanti, narudia usikifungue injini ikiwa ya moto, itakurukia usoni, na hospitali yenye vifaa vyote iko Tromsø. Ikishapoa kabisa ndo unaangalia kiwango. Usijazie maji ya theluji uliyoyeyusha isipokuwa ndo njia ya mwisho ya kufika nyumbani, maana ukilala usiku mmoja nje yanaganda na kupasua vitu. Beba lita mbili za kulanti halisi, ni uzito mdogo.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua siyo injini. Zile reli ambazo treki inateleza zimevalishwa plastiki, na kilainishi chake ni theluji hiyo hiyo. Bila theluji zinayeyuka. Dawa ni ile ile, vikwaruzi na kutoka njiani. Na mtu asikushauri kung'oa lile pazia la mpira la nyuma eti linazuia kitu, pazia ndo linarudisha theluji kwenye vibamba.

Hatua ya 7: Barafuto na miteremko

Baada ya Sassendalen unapanda kwenye barafuto, barafu ile ya miaka na miaka inayoteremka toka mlimani. Ina nyufa zilizofunikwa na theluji. Hapa, tofauti na bondeni, unafuata njia inayojulikana na jipiesi na hutoki pembeni hata kidogo, na hushuki kwenye skuta kutembea tembea. Hewa ikiwa nyeupe huoni mbele, mnasimama wote, mnasubiri au mnageuka.

Asubuhi kabla ya kutoka soma utabiri wa maporomoko ya theluji kwenye Varsom, tovuti ya Norway ya tahadhari, wana eneo la Nordenskiöld Land, yaani sehemu ya Spitsbergen inayozunguka Longyearbyen. Kila mtu awe na kitambuzi (kifaa cha redio cha kumpata aliyefukiwa) mwilini, siyo kwenye begi, pamoja na koleo na fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa. Msisimame kula chai chini ya mteremko hata kama hakuna upepo hapo. Tarehe 19 Desemba 2015 theluji ilishuka kutoka Sukkertoppen ikaingia kwenye nyumba za watu mjini Longyearbyen na watu wawili wakafa, na hao walikuwa majumbani.

Hatua ya 8: Mohnbukta

Ukifika pwani zima injini kwenye kilima, toa darubini, kagua barafu ya bahari taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kabla hujashuka. Dubu wanawinda sili hapo. Kati ya 1 Machi na 30 Juni lazima ukae mita 500 kutoka kwa dubu, miezi mingine mita 300, na ukimkuta karibu zaidi ni wewe unayeondoka. Egesheni skuta zote zikiangalia mlikotoka, funguo zikiwa mahali pake. Picha pigeni, kuleni, lakini mmoja wenu kazi yake iwe kutazama huku na huku tu na mnapokezana. Msisogelee ukuta wa barafuto, unakatika bila taarifa.

Hatua ya 9: Kurudi

Geuka mapema, mkiwa bado na nguvu. Jioni theluji iliyolainishwa na jua inaganda tena, kwa hiyo yote niliyosema kwenye hatua ya 6 mtayahitaji zaidi wakati wa kurudi, na ndo wakati watu wamechoka wanasahau kushusha vikwaruzi. Ukifika mjini inua nyuma ya skuta, gonga barafu yote kwenye treki na reli, jaza tenki usiku huo huo, angalia kulanti ikiwa imepoa, na kama mlimwachia mtu ratiba yenu mpigie umwambie mmerudi wote.