Kupima fundo pepe kwa jumla ya mapishano witiri

Fundo pepe, wazo lililoletwa na Louis Kauffman, ni mchoro wa uzi uliounganishwa ncha, wenye mapishano halisi (uzi mmoja hupita juu, mwingine chini) na mapishano pepe (nyuzi hukatizana mchoroni tu, hakuna wa juu wala wa chini). Je, linaweza kuchorwa upya bila hayo ya pepe? Kokotoa J, yaani jumla ya mapishano witiri.

Yape namba mapishano halisi tu. Kuingiza la pepe ndilo kosa linaloharibu hesabu nyingi. Fuata uzi mpaka ulipoanzia, ukiandika kila namba unayoipita. Kila moja itatokea mara mbili. Alama: tazama mwelekeo wa uzi wa juu; wa chini ukikatiza kutoka kulia kwenda kushoto, ni +1, vinginevyo −1.

Kati ya mara mbili namba moja inapotokea, umeandika namba ngapi? Idadi hiyo ikiwa witiri, pishano hilo ni witiri. J ni jumla ya alama za mapishano witiri.

Mfano, 1 2 1 2, yote +1: kila pishano limezingira namba moja, hivyo J = 2. Fundo la kawaida, yaani linaloweza kuchorwa bila mapishano pepe, daima hutoa 0, kwa hiyo hili si la kawaida.

Usigeuze kauli hiyo, ukidhani kila fundo lenye J = 0 ni la kawaida: fundo pepe liitwalo la Kishino lina J = 0, na bado ni pepe kwelikweli.