Zoea kuwatazama usoni watu usiowajua

Ikiwa unaona haya kumtazama mtu usoni, anza na wauzaji, kwa kuwa mazungumzo nao ni mafupi na yana sababu. Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, hasa siku ya Jumapili linapofurika watu, uliza bei ya omena, yaani dagaa, kisha inua macho umtazame mama anayeipima kwa gorogoro mpaka amalize kukujibu, ndipo urudishe macho kwenye bidhaa bila haraka. Muda huo unatosha. Macho yakikushinda, mtazame katikati ya nyusi, kwani ukiwa hatua mbili kutoka kwake ni vigumu kwake kugundua tofauti.

Ninasisitiza kwamba mtazamo uandamane na salamu au swali, maana kumkodolea mtu macho kimyakimya kunaudhi, na mwanamke anayesubiri matatu peke yake ana haki ya kuogopa. Kwa wazee, ambao wengi walilelewa wakijua kwamba kijana huinamisha macho kwa heshima, msalimu kwanza na umtazame kwa vipindi vifupi anapozungumza. Ukishazoea sokoni, jaribu kwa kondakta unapompa nauli.