Gari lenye kilomita nyingi: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Mwanza kwa safari ndefu

Gari lililopita kilomita 200,000 linaweza kukufikisha Bukoba, Musoma au Singida bila shida, mradi ulikague mapema. Kosa linalowaponza wengi ni kulipeleka gereji jioni ya kuamkia safari. Klampu isiyokazwa vizuri, hewa iliyobaki ndani ya rejeta, kipuri kipya kilichofungwa vibaya: vyote hujitokeza ndani ya kilomita mia moja za kwanza, na ni heri vijitokeze kati ya Nyegezi na Igoma kuliko porini upande wa Biharamulo. Anza ukaguzi siku kumi kabla. Matengenezo yaishe zikiwa zimebaki siku nne, na siku hizo nne liendeshe mjini kama kawaida. Usiiamini sana namba ya kilomita kwenye dashibodi, kwa sababu kwenye magari ya mtumba huweza kuwa imerudishwa nyuma. Raba ya pedeli ya breki iliyolika hadi chuma na usukani uliong'aa kwa kushikwa vinasema kweli zaidi.

Kitu cha kwanza ni mfumo wa kupoza injini, na hapa usiwe na haraka. Fungua mfuniko wa rejeta asubuhi kabla ya kuwasha gari, kamwe usifungue injini ikiwa ya moto. Maji yafike shingoni kabisa, na kwenye chupa ya akiba yawe kati ya alama mbili. Yakiwa na rangi ya kutu, ujue gari limekuwa likijazwa maji ya bomba au ya ziwani, na njia nyembamba za rejeta zimeanza kuziba. Ukiona mafuta yanaelea juu, au oili kwenye kijiti cha kupimia imegeuka rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi na usisafiri.

Sasa shika ule mfuniko wenyewe uutazame. Raba yake ya chini iwe laini, bila ufa wala alama ya kukatika, na springi irudi kwa nguvu ukiibonyeza. Juu yake kwa kawaida pameandikwa 0.9 au 1.1, nacho ndicho kiwango cha shinikizo unachopaswa kukishikilia. Kwetu huku jambo hili lina uzito wake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96. Injini yenyewe hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Mfuniko mzima wa 0.9 husogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko ukichoka, unabaki huna akiba yoyote, na kilima cha Bugando tu kinatosha kulichemsha gari. Kipuri hiki ni cha bei ndogo. Ukikitilia shaka, badilisha, na ununue chenye namba ileile.

Magari mengi ya zamani yameng'olewa themostati, yaani vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata moto, na fundi "ili yasichemshe". Irudishe. Bila themostati injini hukaa baridi kupita kiasi, kompyuta huongeza petroli, oili huchafuka mapema, na kwa baadhi ya injini maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo joto huzidi badala ya kupungua. Gari likichemsha, tazama linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni ya Buzuruga lakini likatulia barabara kuu, tatizo ni feni, fyuzi yake, rilei au waya. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha ukikimbia au ukipanda mlima, rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka, au gasketi imeanza kuachia. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto na wa chini baridi, themostati imekwama imefunga. Mipira ikiwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, gesi ya moto inaingia kwenye maji, na hilo ni suala la gasketi.

Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iwe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Injini ndogo za cc 1,300 hadi 1,800 kwa kawaida huchukua lita tano hadi sita kwa jumla, hivyo lita tatu za kulanti isiyochanganywa na lita tatu za maji zinatosha. Maji ya betri yasiyo na tindikali yanafaa. Soma chupa vizuri, maana tindikali nayo huuzwa duka lilelile. Kabla ya kujaza, pulizia mapezi ya rejeta maji kwa mbele na nyuma, bila kuyapinda. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi, pamoja na vumbi na mbegu za majani, huyaziba taratibu na dereva haoni kwa sababu kondensa ya AC imekaa mbele.

Oili nayo ina hesabu yake. Gari la zamani kula oili si ajabu. Hatari ni kutojua linakula kiasi gani. Jaza hadi alama ya juu gari likiwa sehemu tambarare, endesha wiki nzima, kisha pima tena. Nafasi kati ya alama mbili ni karibu lita moja kwa injini nyingi ndogo. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye IST, Spacio na Premio nyingi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni la lita nne linabakiza kidogo cha kubeba. Kama gari linamaliza lita moja kwa kilomita elfu, beba lita mbili na upime kila unapojaza petroli. Wapo wanaotia 20W-50 ili kupunguza moshi, na kwa injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka) huko ni kuitesa injini: oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi. 10W-40 inatosha kwa injini iliyochoka kidogo. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha tu ni sili za valvu, na unaweza kusafiri ukiwa na oili ya akiba. Moshi wa bluu kila unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, huku maji yakipungua, ni gasketi.

Gari likimisi, yaani injini ikikatakata, ng'oa koili moja moja utazame mashimo ya plagi. Gasketi ya kava la valvu ikizeeka huvujisha oili humo, na koili mpya utakayonunua itaharibika vilevile usipoibadilisha gasketi kwanza.

Injini za 1NZ na 1ZZ zina cheni ya taimingi, lakini 3S-FE na 5A-FE zina mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kuwa muda wake umekwisha. Mafuta ya gia otomatiki yakinuka kuungua, mwaga na ujaze kawaida kwa aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Usikubali yasukumwe kwa mashine ya shinikizo, maana uchafu wa miaka hung'oka na kuziba vijia vya ndani. Gia za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua, zina mafuta yake peke yake.

Breki pedi zikibaki milimita tatu, badilisha. Mafuta ya breki yaliyogeuka kahawia yamenyonya maji, na yakipata joto kwenye mteremko pedeli huzama. Grisi iliyorukia upande wa ndani wa rimu maana yake raba ya drafti shafti imepasuka.

Kwenye tairi, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lenye nyufa ubavuni halifai kwa safari ya jua kali. Pima upepo asubuhi kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango, na spea tairi pia. Kisha jaribu kulegeza nati za magurudumu yote manne kwa spana utakayobeba, kwa mkono wako, hapo nyumbani. Fundi pancha akikaza kwa bomba refu, utakwama porini na tairi la akiba likiwa zima kabisa.

Betri iliyopumzika usiku ipime volti 12.6. Injini ikiwaka ifike kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo altaneta haichaji.

Cha kubeba: maji lita tano, oili, fyuzi za ampea 10, 15 na 20, mkanda wa feni, klampu mbili, jeki na kipande cha ubao wa kuikalisha kwenye mchanga, tochi, vibao viwili vya pembetatu, na mtungi wa kuzimia moto wenye mshale kwenye kijani.

Ukiwa njiani, mshale wa temperecha wa Toyota nyingi hukaa katikati hata joto likipanda kiasi, kwa hiyo ukisogea juu, mambo tayari yameharibika. Zima AC, washa hita hadi mwisho, simama mahali salama, kisha zima injini. Subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko. Mshale uliopanda kisha ukashuka ghafla usikufurahishe: huenda maji yameisha na kihisio kinapima hewa.

Anayekwenda upande wa Geita azingatie jambo moja zaidi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inaipumzisha injini haipo, na gari hutoka Usagara hadi Geita bila kupoa. Jipangie kusimama Sengerema. Chungulia chini ya gari kama kuna matone, gusa rimu zote nne bila kuzishikilia ili ujue kama kuna breki inayobana, tazama kiwango kwenye chupa ya kulanti, na injini ikikaa dakika kumi pima oili. Kulanti ikiwa imeshuka chini ya alama ya chini kwa umbali huo mfupi, geuza gari urudi Mwanza.