Kabla ya Kutua Ziwani: Barafu Hupimwa kwa Keekee

Likizo hii nikiwa Lamu, ami yangu, nahodha aliyestaafu, aliniuliza barazani: "Hilo ziwa likiganda, wajuaje litakubeba na ndege yako?" Nikamwambia twatoboa kwa keekee ndefu, tunatia kipimo. Akacheka. "Kumbe ni bildi tu," yaani ile risasi ya kamba ya kupimia kina cha maji. Ndivyo. Na nahodha anayepita mahali penye mafungu ya mchanga hatupi bildi mara moja akalala. Huitupa tena na tena.

Haya nawaandikia wenzetu walioko Kanada, Minnesota au Alaska, mnaojifunza urubani au mnaoalikwa na rafiki mwenye ndege ya skii, yaani yenye mbao za kuteleza badala ya magurudumu, kwenda kuvua samaki. Sisi tumezoea barafu ya kuwekea samaki, kwa hiyo tukiona uwanda mweupe twadhani wote ni sawa.

Anza na rangi. Barafu safi, ya buluu inayoelekea weusi, ndiyo ngumu. Nyeupe kama maziwa ni theluji iliyolowa ikaganda na hewa ndani yake. Ihesabu nusu ya unene wake. Ya kijivu ina maji. Iache.

Kisha hesabu. Chukua unene wa barafu safi kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, halafu zidisha kwa 3.5: unapata kilo ambazo barafu yaweza kubeba. Sentimita 20 hutoa kilo 1,400, na Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ikijaa hukaribia 1,150. Kwenye karatasi umepona, lakini mimi hapo situi. Sentimita 30 hutoa kilo 3,150, na hiyo ndiyo nafasi ninayoitaka. Alton Bay kule New Hampshire, ambako kila baridi ikiruhusu hufunguliwa uwanja wa ndege juu ya barafu ya Ziwa Winnipesaukee, nao hudai inchi 12, yaani hizo hizo sentimita 30.

Hesabu hiyo ni ya ndege inayopita au kusimama kwa muda mfupi. Ukiegesha kutwa, barafu hubonyea polepole, hata ile iliyokupokea vizuri asubuhi. Ukiona maji yanachuruzika kuzunguka skii, hamisha ndege, chai itangoja. Wala msiegeshe ndege mbili bega kwa bega.

Toboa kila mita 40 au 50 kwenye mstari wote utakaotumia, na uongeze matundu karibu na mto unaoingia au kutoka, penye mlango mwembamba, kwenye matete na miamba. Ziwa moja laweza kuwa na sentimita 40 hapa na 10 pale. Theluji nayo hudanganya: ni blanketi, huzuia barafu kunenepa, na uzito wake huikandamiza mpaka maji yakapanda juu na kujificha chini ya weupe. Skii zikizama kwenye rojo hilo na likaganda, mtakesha mkiligonga.

Ikiwa hakuna mtu ziwani, pita chini kwanza uangalie. Alama za pikipiki za theluji si ushahidi. Pikipiki haifiki nusu ya uzito wako. Kisha gusisha skii huku injini ikivuta, usiiache ndege itue uzito wake wote, paa, zunguka, rudi uangalie mikwaruzo. Ikiwa imegeuka myeusi, maji yamepanda: nenda nyumbani. Jambo hili lifanye na mwalimu kando yako kwanza, tafadhali.

Mwishoni mwa baridi, weka rula pembeni. Jua la Machi na Aprili huilegeza barafu mpaka ikawa vijiti vilivyosimama wima, kama mishumaa iliyofungwa pamoja, na hapo hata nusu mita haikuhakikishii kitu.

Ukitumbukia: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama 10 za viungo kukutii, kama saa 1 kabla ya fahamu kupotea. Basi jaketi okozi livaliwe, lisikae nyuma ya kiti, na shingoni uning'inize misumari miwili yenye vishikio ya kujivutia juu ya barafu.

Na kabla hujawasha injini, pigia simu wavuvi wa kando ya ziwa. Waulize walitoboa lini, wapi hasa, na nyeupe ilikuwa sentimita ngapi. Wakikujibu "juzi", washukuru, na keekee yako ibebe vilevile.